Kidonge Baada ya Kutapika Hakina Kazi

Kuna anayewashauri wasafiri wa boti ya Zanzibar wafunge kula, wakae mbele kabisa, na wameze kidonge cha kichefuchefu, promethazini, wakianza kutapika. Yote matatu ni makosa.

Mtu atoke Chanika alfajiri, apite Pugu na Gongo la Mboto mpaka bandarini, kisha akae karibu saa mbili baharini na tumbo tupu? Njaa nayo inachefua. Anywe chai, ale mkate mkavu, aache vya mafuta. Mbele nako ndiko boti inakoruka zaidi. Akae katikati, atazame mbali.

Hoja ya kidonge ndiyo mbovu kuliko zote. Bahari hulevya kwa sababu sikio la ndani linahisi kuyumba huku macho yakiona kiti kimetulia. Kichefuchefu kikishashika, tumbo linazubaa: dawa haisongi, au inatoka na matapishi. Kidonge hicho humezwa saa moja au mbili kabla ya kupanda. Tena kinasinziza, kwa hiyo anayeshuka Malindi asiguse pikipiki. Na mtoto wa chini ya miaka 2 hapewi kamwe, kinaweza kumdhoofisha pumzi. Mshauri wetu hakumtaja mtoto hata kwa neno moja, na boti zimejaa watoto.