Ukaguzi wa programu za mikopo usisubiri malalamiko

MFANYABIASHARA wa Pap Onditi, Kaunti ya Kisumu, anapohitaji mtaji wa haraka siku hizi hana haja ya kufunga safari hadi benki. Hupakua programu ya mikopo katika simu yake na kukubali masharti bila kuyasoma.

Hatari ya mikopo hiyo ilidhihirika Septemba 2023, Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, alipoitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000. Watu walikuwa wametumiwa arafa za vitisho kupitia nambari ambazo hawakuzitoa wenyewe. Mwaka huo huo, Google ilipiga marufuku programu za mikopo kusoma orodha ya nambari na picha za wateja.

Hatua hizo zinafaa kupongezwa. Hata hivyo, programu nyingi huwa na vifuatiliaji: vipande vilivyoundwa na kampuni nyingine, ambavyo huzipelekea habari za simu na mienendo ya mwenyewe. Havitishi mtu, kwa hivyo hakuna anayelalamika.

Tovuti ya Exodus Privacy, shirika la Ufaransa, huonyesha bila malipo vifuatiliaji vilivyotambuliwa katika programu za Android. Lakini mzigo huu usiachiwe mkopaji mwenye shida. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa Kamishna uwezo wa kukagua mifumo ya kampuni. Ofisi yake iutumie kabla ya madhara kutokea.