Anayegonga Ndiye Ajitambulishe

Saa nane usiku. Mlango unagongwa kama unataka kuanguka. Sauti inatoka nje: "Fungua! Polisi!"

Una sekunde kumi. Utafanya nini?

Usikimbilie kujibu. Kwetu kwa ploti tumejaribu majibu yote mawili, na yote mawili yalituumiza.

La kwanza. Jirani wetu wa chini alisikia maneno hayo hayo mwaka jana. Ni mtu wa kazi zake, baba ya watoto wawili, hana kesi na mtu. Akafungua. Si wamesema ni polisi? Wakaingia wanne. Mmoja alikuwa na pingu, mwingine na redio inakwaruza kama zile za karao. Wakamlaza chini yeye na mkewe, wakabeba runinga na simu mbili, na kabla ya kutoka wakamlazimisha kutaja PIN ya M-Pesa. Asubuhi akaenda stesheni kuandikisha. Askari wa zamu akamwangalia, akamuuliza: "Kwani wewe hufungua tu bila kuuliza ni nani?"

La pili. Miezi mitano baadaye ikawa zamu yetu, orofa ya pili. Saa za usiku zile zile, maneno yale yale. Lakini bro wangu alikuwa amejifunza kwa jirani. Akasimama nyuma ya mlango akauliza: nyinyi ni kina nani? Mnatoka stesheni gani? Mnamtafuta nani? Alijibiwa na teke. Teke la tatu, komeo likatoka. Na safari hii walikuwa polisi kweli. Hakuna sare, wawili wamejifunika nyuso, na mtu waliyekuwa wanamtafuta hata hakai ploti yetu. Hadi wakajua wamekosea nyumba, bro alikuwa ameshapigwa makofi, amefungwa pingu, yuko nyuma ya gari. Alilala seli, akaachiliwa asubuhi bila shtaka lolote. Mathe alipouliza ni nani atalipa mlango, aliambiwa: "Kwani hamkusikia tumesema ni polisi?"

Sasa weka hayo maswali mawili pamoja. Ukifungua, wewe ni mjinga, mbona hukuuliza. Ukiuliza, wewe ni mkaidi, mbona hukufungua. Yaani mwenye nyumba anakosea kila upande, na aliyekuja kugonga usiku hakosei popote.

Mimi nakataa. Na msimamo wangu leo ni mmoja tu: mlango ukigongwa, mzigo wa kuthibitisha ni wa anayegonga. Si wa mtu ametolewa usingizini akiwa na boxer na hofu. Kama wewe ni polisi, thibitisha. Ukishindwa kuthibitisha, usishangae ukichukuliwa kuwa mwizi.

Kabla mtu aje kwa komenti kuniambia hizi ni fikra za watoto wa TikTok, wacha tuangalie sheria yenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda nyumba yako isipekuliwe ovyo. Kifungu cha 49 kinasema ukikamatwa uelezwe mara moja sababu, kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 119, inasema kibali cha upekuzi kitekelezwe kati ya jua kuchomoza na jua kutua, isipokuwa mahakama iwe imeruhusu saa nyingine. Na kifungu cha 22 ndicho nataka ukijue kama unavyojua PIN yako: polisi aliyekuja kukamata mtu anaweza kuvunja mlango, ndiyo, lakini baada ya kueleza mamlaka yake na sababu ya kuja, aombe kuingia, na akose njia nyingine.

Soma tena. Mamlaka. Sababu. Kuomba. Halafu ndio teke. Kwetu walianza na teke.

Na hii si sheria ya juzi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachohusu kujikinga wewe na mali yako, hakitupi hata maelezo yake. Kinasema tu mambo hayo yaamuliwe kwa kanuni za sheria ya Uingereza. Sawa, twende Uingereza. Kuna kesi ya mwaka 1604 inaitwa ya Semayne, ilianzia kwa nyumba moja London. Majaji wakasema nyumba ya mtu ni ngome yake. Wakasema pia hata ofisa wa mfalme, mwenye haki kabisa ya kuingia, kwanza aseme kilichomleta na aombe afunguliwe. Zaidi ya miaka 400 iliyopita! Kabla ya stima, kabla ya simu, kabla hata ya kuwa na polisi wa kisasa. Mkoloni alituletea hiyo sheria na polisi wake pamoja. Mbona tukabaki na teke peke yake?

Najua mtu atasema hii ni stori ya ploti moja. Rudi basi Agosti 2017, Nyalenda, Kisumu, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Polisi waliingia usiku kwa nyumba za watu, na mtoto wa miezi sita, yule Kenya nzima ilimjua kama Baby Pendo, akapigwa akafa. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2019 ulisema polisi ndio wa kulaumiwa. Wazazi wa hiyo nyumba wangefungua au wasingefungua, niambie lingewasaidia lipi.

Halafu ikaja 2024. Baada ya maandamano ya Juni, vijana wakaanza kuchukuliwa na watu wasiojitambulisha. Agosti watatu walichukuliwa Kitengela wakakaa mwezi mzima bila familia kujua waliko. Kaimu Inspekta Jenerali wakati huo, Gilbert Masengeli, aliitwa mahakamani mara kadhaa kuhusu hao watatu, hakuja, akahukumiwa miezi 6 kwa kudharau mahakama, hukumu iliyoondolewa baadaye alipofika. Kufikia Desemba, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni, na 29 bado hawajulikani waliko.

Inspekta Jenerali Douglas Kanja akasema polisi hawahusiki. Sawa. Tuchukue neno lake hivyo hivyo. Kama si polisi, basi ina maana mitaani kuna watu wana magari, wana pingu, wana bunduki, wanafanana na polisi na wanaongea kama polisi, lakini si polisi. Mkubwa wa polisi mwenyewe ndiye anatuambia. Sasa mimi nikisikia "Fungua! Polisi!" saa nane usiku, kushuku ni ukaidi ama ni kutii maneno ya Inspekta Jenerali?

Wahuni hawajajitungia hii mbinu. Wamepewa. Kila mara polisi wa kweli anapoingia kwa nyumba bila sare, uso umefunikwa, gari halina nambari, anamshonea mwizi nguo za kazi. Mwizi wa jirani yetu hakuhitaji kuiba sare. Alihitaji tu kupiga kelele, kwa sababu tumezoeshwa kwamba hivyo ndivyo polisi hukuja.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kijinga. Wanasema ukijitambulisha, mhalifu anatoroka, anaficha bunduki, ama anakungoja nayo mlangoni. Kazi ya polisi ni hatari, sibishani. Lakini kujitambulisha kunachukua nusu dakika, na ploti nyingi zina geti moja na ngazi moja. Zingira nyumba, kisha ongea. Kama ni lazima uende usiku, sheria imekupa njia ya kuomba mahakama.

Na kuna jambo hao wanaotetea teke hawalifikirii: kujitambulisha kunamlinda polisi mwenyewe. Machi 2020, Louisville kule Marekani, polisi wenye kibali walivunja mlango wa Breonna Taylor baada ya saa sita usiku. Mpenzi wake alikuwa na bunduki ya halali, akafyatua risasi moja, ikampata polisi kwenye paja. Polisi wakajibu kwa risasi 32, Breonna akafa kwa nyumba yake. Polisi walisema walijitangaza. Mpenzi wake akasema waliuliza ni nani, hawakujibiwa. Alishtakiwa kwa jaribio la kuua, kisha mashtaka yakaondolewa. Hesabu hasara: binti amekufa, polisi amepigwa risasi, na yote ilikuwa iamuliwe na sentensi moja iliyosikika vizuri kupitia mlango.

Sasa nigeukie upande wetu, kwa sababu kuna wasee wananifurahisha kwa komenti. "Mimi wakija kwangu ni panga tu." "Watatoka kwa mifuko." Buda, wacha. Wewe hata mende unaita mathe.

Haki ya kujikinga iko, lakini si leseni ya kuua. Nguvu unayotumia ilingane na hatari iliyo mbele yako. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 10, inakutetea ukikosea kwa uaminifu na kwa sababu ya maana. Mtu akivunja mlango usiku bila kujieleza, ukaamini ni mwizi, hiyo ni sababu ya maana. Lakini mtu akishadondosha silaha, ama ameshageuka kukimbia, na wewe ukaendelea kukata, hapo umevuka. Kuua bila kukusudia kunaweza kukupa kifungo cha maisha. Na hata uwe na haki yote duniani, panga halishindani na AK. Utakuwa na haki, halafu utakuwa na matanga.

Tena usikimbilie kupiga nduru ya "mwizi!" kama huna uhakika. Unajua vizuri mtaa hufanya nini ukisikia hilo neno. Mtaa hauulizi kitambulisho. Ukiita umati kwa mtu, umeshamhukumu, na anaweza kuwa polisi, anaweza kuwa mlevi aliyekosea mlango.

Kwa hivyo ninataka nini? Vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji pesa za kigeni.

Moja: asiingie mtu yeyote kwa nyumba usiku kwa jina la polisi bila angalau askari mmoja mwenye sare, uso wazi, nambari yake inaonekana. Wapelelezi wavae vile wanataka, lakini anayesimama mbele ya mlango aonekane.

Mbili: kila stesheni iwe na simu inayoshikwa usiku, ambayo naweza kupiga nikiwa ndani niulize, "Mmetuma watu ploti fulani?" na nijibiwe ndiyo ama hapana. Soja wa geti ama mtu wa nyumba kumi aitwe ashuhudie. Polisi wa kweli hatapoteza kitu. Mwizi atapoteza kila kitu.

Tatu: wakivunja bila kufuata kifungu cha 22, walipe. Mlango wetu ulilipwa na mathe. Fundi alitaka elfu sita, akapunguziwa hadi tano na mia tano. Na mwenye nyumba akishtakiwa eti alikataa ama alijikinga, swali la kwanza la hakimu liwe: hawa watu walijitambulisha vipi?

Tukingoja hayo, kwetu kwa ploti tumekubaliana. Hakuna anayefungua peke yake. Ukigongewa, washa taa zote na utume neno kwa grupu ya ploti. Wengine wanawasha zao, wanasimama madirishani, simu zinarekodi. Mmoja anapiga 999 ama 112. Wewe uliyegongewa unauliza kwa sauti kubwa ili wote wasikie: jina, stesheni, mnamtafuta nani, kibali kiko wapi? Wakithibitisha, unafungua mikono ikionekana, huna rungu, huna maneno mengi. Wakikupeleka, jirani anafuata hadi stesheni na anaitisha nambari ya OB. Wakivunja bila kujibu, watoto wanaingia chumba cha ndani, na unafanya lile ambalo mtu yeyote angefanya kuokoa watu wake, si zaidi.

Si mpango wa kishujaa. Wezi wakija watakuta macho ishirini, na polisi wakija watakuta mashahidi ishirini. Mwenye nia safi hawezi kuchukia mashahidi.

Jirani wa chini bado hulala na kochi limesukumwa mlangoni. Bro alimwambia fundi aweke tundu la kuchungulia kwa mlango mpya. Juzi nilisimama nikaangalia kupitia hilo tundu, nikajiuliza: usiku ule angekuwa nalo, angeona nini? Watu wanne, nyuso mbili zimefunikwa. Jirani naye angekuwa nalo, angeona watu wanne, pingu na redio.

Tundu tumeweka. Pesa ni zetu, mlango ni wetu. Kazi iliyobaki ni ya aliye upande wa nje: aonyeshe uso, aseme jina.

Tuma hii kwa grupu ya ploti yenu, mkubaliane kabla hamjagongewa. Saa nane usiku si saa ya kufanya mkutano.