Kupaliwa kwa Mtoto si Kosa la Maziwa

Mtoto mchanga wa wiki mbili huwekwa kifuani. Hunyonya mara tano au sita, kisha hukohoa, hutoa macho, hujipinda nyuma na kuliachia titi huku akilia. Maziwa huendelea kuruka yenyewe na kulowesha khanga. Mama huingiwa na hofu, na kabla hajapata wa kumwuliza, hukumu huwa imekwisha kutolewa na waliomzunguka: maziwa yake ni mabaya, au mtoto ana chango, au amelikataa titi, basi apewe maji kidogo au uji mwepesi. Hukumu hiyo ni kosa. Katika mkoa kama Singida kosa hilo laweza kuigharimu afya ya mtoto, na elimu ya kulisahihisha haihitaji chuo kikuu. Latosha darasa la baiolojia la shule ya sekondari.

Ndama na ng'ombe

Wakulima na wafugaji wa Singida, Wanyaturu na Wanyiramba miongoni mwao, wanao mfano wa jambo hili zizini mwao. Mkamaji wa ng'ombe wa kienyeji haanzi kukamua mara moja. Humwachia ndama kwanza anyonye kidogo ili mama yake ateremshe maziwa, ndipo ndama huondolewa na chombo kikakingwa. Asipofanya hivyo hupata maziwa machache ingawa kiwele kimejaa. Maana yake ni kwamba maziwa kuwamo ni jambo moja, na maziwa kutoka ni jambo jingine.

Ndivyo ilivyo kwa binadamu. Ndani ya titi mna vifuko vidogo mno ambamo maziwa hutengenezwa, na kila kifuko kimezungukwa na seli ziwezazo kujikaza kama misuli. Mtoto anyonyapo, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, humwaga katika damu homoni mbili. Prolaktini huamuru maziwa yatengenezwe. Oksitosini huzikaza zile seli, vifuko vikabanwa, na maziwa yakasukumwa kupitia mirija hadi kwenye chuchu. Homoni hii ya pili yajulikana hata muundo wake: mwaka 1953 mwanakemia wa Marekani, Vincent du Vigneaud, alifaulu kuiunda katika maabara, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Oksitosini hufanya kazi upesi, na hata kilio cha mtoto peke yake chaweza kuiamsha. Ndiyo sababu mama aliyeko shambani, akimkumbuka mtoto wake, huona nguo yake imelowa.

Siku ya kwanza titi hutoa dang'a, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kila mnyonyo. Baina ya siku ya pili na ya tano maziwa huongezeka ghafla. Wakati huo mwili haujajua bado kiasi anachokihitaji mtoto, kwa hiyo baadhi ya akina mama hutengeneza maziwa kupita haja, na wengine huyasukuma kwa nguvu kuliko kawaida. Mtoto naye hana budi kupanga mambo matatu kwa zamu: kuvuta, kumeza na kupumua. Maziwa yakija kwa kasi kuliko awezavyo kumeza, hupaliwa. Kikohozi chake ni kinga ya njia ya hewa, wala si dalili ya kuyachukia maziwa.

Kwa kumeza haraka humeza na hewa, tumbo likajaa. Tena maziwa ya mwanzo wa mnyonyo huwa na mafuta machache kuliko ya mwisho. Mtoto akiyapata kwa wingi hupita upesi matumboni kabla sukari yake haijasagwa yote, na kinyesi chaweza kuwa cha kijani chenye povu. Mambo haya yote hufanana na ugonjwa, kumbe mara nyingi mtoto mwenyewe anaongezeka uzito vizuri.

Fizikia kifuani

Ikiwa tatizo ni kasi ya kiowevu, dawa yake ni kuipunguza kasi hiyo. Mama akiketi na kuinama juu ya mtoto, mvuto wa dunia huyasaidia maziwa kushuka kooni. Akiegemea nyuma, mtoto akalala kifudifudi juu ya kifua chake, maziwa hulazimika kupanda, na mtoto huweza kuinua kichwa atakapo kupumzika. Njia ya pili ni wote wawili kulala kwa ubavu wakitazamana, ili maziwa yaliyozidi yadondoke pembeni mwa mdomo. Njia ya tatu ni kumtoa mtoto kwa muda mfupi mara maziwa yanapoanza kuruka, kuyakinga kwa kitambaa au kikombe safi, kisha kumrudisha mrusho ukishatulia. Tena yafaa anyonyeshwe kabla hajalia kwa njaa, kwa kuwa mwenye njaa kali huvuta kwa nguvu zaidi, na apumzishwe mara kwa mara ili abeue. Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayogharimu shilingi.

Ipo tahadhari moja ambayo mwanafunzi aliyesoma jinsi mwili unavyojirekebisha ataielewa mara moja. Titi linalobaki na maziwa hupunguza utengenezaji. Titi linalokamuliwa likaisha huongeza. Kwa hiyo mama anayekamua yote ili apate nafuu huuchochea wingi ule ule anaoukimbia. Akamue kidogo tu, titi lilainike. Kumnyonyesha mtoto titi moja tu kwa saa kadhaa kabla ya kumhamishia la pili hupunguza maziwa kweli, lakini lisifanywe bila uongozi wa mwuguzi au mkunga, maana laweza kuyapunguza kupita kiasi au kulifanya titi livimbe. Kwa wengi hali hutulia baada ya wiki nne hadi sita.

Kwa nini si maji kidogo tu?

Wapo watakaouliza madhara ya vijiko vichache vya maji. Jibu limo katika ardhi ya Singida. Mkoa huu ni mkavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, na kiangazi huchukua zaidi ya nusu ya mwaka, wakati ambapo vyanzo vingi vya maji hupungua na kuchafuka. Maji hayo huleta kuhara. Isitoshe, maji ya visima vingi vya Singida yana floridi nyingi kutokana na miamba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kiasi kikizidi hapo kwa muda mrefu huharibu meno, na kikizidi mno huidhuru mifupa. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuiondoi floridi. Basi hata mama mwangalifu achemshaye maji hawezi kumkinga mtoto nayo kwa moto wa jikoni.

Maziwa ya mama humkinga. Sehemu 87 hivi katika 100 za maziwa hayo ni maji, nayo yatosha kiu ya mtoto hata wakati wa joto kali. Na hata mama anywapo maji yenye floridi nyingi, ni kiasi kidogo mno kinachoingia katika maziwa yake. Kitaifa, utafiti wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 59 ya watoto wa chini ya miezi sita walinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 64. Hayo ni maendeleo, lakini zaidi ya theluthi moja wamebaki nje.

Haisemwi hapa kwamba kila kikohozi ni cha kupuuzwa. Mtoto anayepaliwa hata maziwa yakija polepole, anayegeuka rangi ya buluu midomoni, mwenye homa au asiyeongezeka uzito, sharti apelekwe kituo cha afya bila kukawia. Vivyo hivyo mama ambaye titi lake limevimba, limekuwa jekundu na linauma, naye ana homa. Wala haisemwi kwamba wazee wanyamaze. Bibi ampunguziaye mzazi kazi na kumtuliza hofu anafanya tendo la kisayansi, kwa sababu hofu huizuia oksitosini.

Linalotakiwa ni kwamba somo la homoni lisiishie kwenye insulini na adrenalini. Mwalimu wa Iramba au Manyoni anao mfano ulio hai katika kila zizi na kila nyumba yenye mzazi. Wavulana nao wafundishwe, maana kesho watakuwa ndio waume watakaoombwa fedha za kununulia maziwa ya kopo. Mwanafunzi aliyeelewa somo hilo ataweza kumwambia dada yake jambo dogo lakini kubwa: egemea nyuma, mwache apumue, maziwa yako ni mazuri.