Orodha ya mgema isizidi miti yake

Katika Salamabila, anayetaka malafu safi haendi kuitafuta sokoni. Anapeleka neno kwa mgema siku mbili tatu mbele, anaacha avansi kidogo, na jina lake linaingia katika orodha. Asubuhi mgema anarudi kutoka porini na bidoni zake, kila mmoja anapewa lita zake, na jua halijapanda sana malafu imekwisha. Asiye na jina anarudi nyumbani, ao ananunua pombe kali ya pembeni ya barabara ambayo hakuna anayejua ilipikwa wapi na kwa kitu gani.

Desturi hiyo ni nzuri, lakini inaanza kuharibika. Malalamiko ni yaleyale kila mara: mtu ametoa feza ya avansi kwa ajili ya arusi ao matanga, amengoja, na siku yenyewe bidoni haikufika. Ao imefika, lakini nusu yake ni maji. Mgema anasema mvua ilinyesha. Mnunuzi anasema ameibiwa. Ujirani wa miaka mingi unavunjika kwa sababu ya lita kumi.

Wengine watasema hilo ni jambo dogo, katika wilaya ya Kabambare ambako watu wanahesabu siku walizolala bila kusikia risasi. Sisi tunaona kwamba mji unajengwa pia na mambo ya namna hii: mtu anaweza kumwachia jirani feza yake leo na kupata haki yake kesho, bila polisi na bila karatasi ya wakili.

Tuanze na kitu chenyewe. Malafu ya ngazi haina ghala. Maji yanayotoka katika mti ni matamu, lakini yanaanza kuchacha saa chache tu baada ya kugemwa. Jioni yanakuwa na nguvu, na baada ya siku moja ao mbili yanageuka kuwa makali kama siki. Mti mmoja unatoa lita chache tu kwa siku. Kwa hiyo mgema hawezi kuweka akiba akingoja bei ipande, na hawezi kuipeleka mbali kwa barabara hizi zetu. Anahitaji kujua kabla hajapanda mti ni nani atakayekunywa. Orodha kwake ndiyo soko lenyewe.

Wala si sisi peke yetu tunaouza hivyo. Huko Ufaransa, katika jimbo la Bourgogne, kuna shamba la mizabibu linaloitwa Romanée-Conti lenye hekta zisizofika 2. Divai yake haimtoshi kila anayeitaka, hata awe na feza nyingi namna gani. Inagawanywa chupa chache chache kwa wanunuzi wanaojulikana. Huko California, Marekani, kiwanda kidogo cha Screaming Eagle, ambacho mavuno yake ya kwanza ni ya mwaka 1992, kinauza hasa kwa watu walioandikwa katika orodha yake. Watu wanangoja miaka mpaka nafasi ipatikane. Tajiri wa huko na mchimbaji wa Salamabila wanafanya kitu kimoja: wanangoja zamu yao kwa mtu mwenye mali kidogo.

Lakini wale wa mbali wana kanuni moja ambayo sisi tunaisahau. Hawaahidi chupa ambazo hawana. Mavuno yakiwa madogo, kila mtu anapunguziwa fungu lake, na wapya wanaendelea kungoja nje. Na katika viwanda vingi vya namna hiyo, anayeacha kununua fungu lake anaweza kupoteza nafasi yake. Orodha inawafunga wote wawili, muuzaji na mnunuzi.

Tufanye hesabu. Tuseme mgema ana miti 6, na kila mti unampa lita 3 kwa siku. Hizo ni lita 18, hazijazi hata bidoni moja ya lita 20. Zinatosha watu 9, kila mmoja lita 2. Sasa arusi zinakaribia, watu 15 wanakuja, na mgema anapokea avansi ya wote. Amekwisha kuahidi lita 30. Lita 12 zinazobaki zitatoka wapi? Zitatoka mtoni. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo tunaweza kuongeza kwamba hata asiposifiwa, akila avansi kupita miti yake, maji yataingia tu. Hata mgema mwenye roho nzuri atafika huko, kwa sababu deni litamsukuma.

Lipo pia jambo la dhahabu. Mgodi wa Namoya, jirani yetu, ulianza kuzalisha kwa biashara mwezi wa Januari 2016, na mwezi wa Septemba 2019 kampuni ya Banro ikasimamisha kazi kwa sababu ya usalama mdogo. Kila mkaaji wa hapa anajua maana ya miezi kama ile: feza inakuja kama mvua, kisha inakatika. Mgema anayewafuta wateja wake wa zamani, mwalimu, mama muuza mihogo, mzee wa mtaa, ili ampe yote mnunuzi wa dhahabu anayelipa mara mbili, anakula vizuri wakati shimo linatoa. Siku shimo linapokauka ao bunduki zinapolia, mwenye dhahabu anapanda pikipiki na kuondoka. Mwalimu anabaki, lakini amekwisha kuzoea kunywa chai.

Tusimlaumu mgema peke yake. Wako wanunuzi wanaoweka jina, kisha hawatokei, na malafu inamwozea mtu aliyehatarisha maisha yake juu ya mti. Wako wanaochukua lita 10 kwa bei ya ujirani na kuziuza saa ileile kwa bei ya mgodi. Na wako wenye nguvu. Mtu mwenye silaha ao mwenye cheo anapokuja na kikombe chake kabla ya wote, bila jina na bila feza, analipiwa na yule wa mwisho katika orodha. Bidoni inayopunguzwa kikombe kikombe kwenye kila kizuizi inafika ikiwa imejazwa tena na kitu kingine. Anayelalamika kwamba malafu ya siku hizi ni maji, aulize pia ni mikono mingapi imepita juu yake njiani.

Orodha iliyojaa kupita kiasi inaua hata miti. Kugema mti uliosimama ni kazi ya uvumilivu na ya ufundi. Mti unaendelea kuishi na kutoa ngazi za mawese. Kuuangusha mti ili kukamua maji yake yote ni njia ya haraka: unatoa kwa majuma machache, kisha umekufa. Deni la avansi linamwonyesha mtu njia ya shoka. Tutakunywa mwaka huu, na mwaka ujao mama zetu watanunua mawese kwa bei ambayo hatukuitazamia.

Tunajua kwamba wasomaji wetu wengi hawanywi. Kasongo na Kabambare ni nchi yenye Waislamu wengi tangu enzi za Tippu Tip, na makanisa mengi pia yanakataza pombe. Hatumwombi mtu abadili imani yake, wala hatusemi kwamba kunywa ni sifa. Lakini kanuni ya orodha si ya malafu tu. Ni ileile kwa asali ya porini, kwa mawese, kwa samaki, kwa mchele wa Kasongo unaolipiwa kabla haujavunwa. Popote mkulima mdogo anapopokea feza ya mtu kabla ya mali, swali ni moja: je, ameahidi kadiri ya shamba lake, ao kadiri ya njaa yake ya feza?

Na bila orodha je? Tutazame Dodoma, Tanzania. Mizabibu ilipandwa huko na wamisionari Wakatoliki, Bihawana, mwaka 1957, na leo wakulima wa mkoa ule wanavuna mara mbili kwa mwaka. Lakini zaidi ya mara moja wakulima wadogo wamelia kwamba zabibu zinaoza shambani kwa kukosa mnunuzi. Kulima wanajua, na jua wanalo. Anayekosekana ni mtu aliyesema mapema: mimi nitachukua kiasi hiki, kwa bei hii. Mgema wa Salamabila anaye mtu huyo. Asimpoteze.

Tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Mgema aandike majina katika daftari, na kama hajui kuandika, mtoto wake anayesoma amwandikie. Ahesabu miti kabla ya kuhesabu feza, na nafasi zikijaa aseme zimejaa. Neno hilo halina aibu. Avansi iwe sehemu ndogo ya bei, na mvua ikiharibu kazi, irudishwe ao isogezwe kwa siku inayojulikana, mbele ya shahidi. Kipimo kiwe kimoja kwa wote. Fungu moja liachwe kwa bei ya kawaida kwa ajili ya majirani, hata wakati dhahabu inatoka kwa wingi. Mnunuzi naye, akishindwa kuja, atume neno mapema, na akikosa mara mbili jina lake lishuke chini.

Kwa wakubwa wa mtaa na wa kikosi tunaomba jambo moja tu: wawe wa kwanza kupanga mstari. Chifu akionekana akingoja zamu yake na feza mkononi, hakuna askari atakayethubutu kuruka mbele ya mwalimu. Hilo halihitaji bajeti kutoka Kindu wala amri kutoka Kinshasa.

Tumezoea kuuliza ni lini amani itarudi katika Maniema ya kusini. Tunaiomba kwa serikali, kwa jeshi, kwa makundi yenye silaha, na tutaendelea kuiomba. Lakini sehemu ya amani hiyo iko mikononi mwetu. Siku mtu wa Salamabila atakapotoa feza yake Jumatatu na Jumamosi akapewa lita zake zote, bila maji na bila kupiga kelele, sehemu hiyo itakuwa imerudi.