Kinga ya kifaduro ianze na mama

Mtoto wa wiki 3 aliyepatwa na kifaduro huenda asikohoe sana. Hatoi hata ule mlio wa kuvuta pumzi unaowashtua wazazi wa watoto wakubwa. Anakataa titi, anaacha kupumua kwa sekunde kadhaa, midomo inageuka buluu. Wengine hawapumui tena.

Kenya huchanja watoto dhidi ya ugonjwa huu kwa chanjo ya tano kwa moja, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Dozi hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kabla ya hapo hana ngao isipokuwa ile aliyopewa na mama yake tumboni, na mama wengi hawana cha kumpa, kwa sababu kinga ya chanjo ya utotoni hufifia miaka inavyokwenda.

Huko Bute, Wajir Kaskazini, pengo hilo linaangukia arobaini. Mama wa Kisomali aliyejifungua hutunzwa nyumbani siku 40, na wageni wanakuja kumpongeza: shangazi, majirani, watoto wa boma. Ni desturi njema, inayompa mzazi mapumziko anayostahili. Lakini kifaduro kwa mtu mzima huonekana kama kikohozi cha kawaida kisichokwisha, na anayekohoa ndiye huyo anayempakata mtoto.

Uingereza ilifundishwa na msiba. Mwaka 2012 watoto wachanga 14 walikufa kwa kifaduro, na Oktoba mwaka huohuo serikali ikaanza kuwachanja wajawazito. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto kabla hajazaliwa. Watafiti walikuta kwamba chanjo hiyo iliwakinga takriban watoto 9 kati ya 10 katika miezi ya mwanzo.

Mjamzito wa Kenya tayari huchomwa sindano ya pepopunda, iliyosaidia nchi kuthibitishwa mwaka 2018 kwamba imedhibiti pepopunda ya wazazi na watoto wachanga. Ipo chanjo moja inayobeba pepopunda, dondakoo na kifaduro kwa pamoja. Muuguzi ni yuleyule, jokofu ni lilelile, mama ni yuleyule. Kikwazo kikubwa ni bei, na hiyo ni hoja ya bajeti, si ya sayansi.

Wapo watakaosema kaskazini-mashariki ianze na dozi za watoto kwanza. Hawajakosea kuhusu ukubwa wa tatizo: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Garissa ni asilimia 23 tu ya watoto waliokamilisha chanjo za msingi, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 80. Lakini palipo na watoto wengi wasiochanjwa ndipo kifaduro kinapozunguka kwa urahisi, na ndipo mtoto mchanga anapohitaji zaidi kinga ya mama. Yote mawili yafanywe, na kliniki za kuhamahama zifuate familia visimani, kwa sababu mfugaji hawezi kuacha ngamia wake kusubiri foleni mjini.

Wizara ya Afya iingize kifaduro katika sindano ya wajawazito, ianzie kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Na familia za Bute zisingoje Nairobi: anayekohoa asimpakate mchanga, na arobaini ikiisha, safari ya kwanza ya mtoto iwe kliniki.