Msituni si chuo cha uongozi

Katika nchi zetu za Maziwa Makuu kuna imani iliyoota mizizi: mtu akijificha porini miaka mingi, akashinda njaa na kubadili majina, basi ameiva kwa kutawala. Hatumuulizi zaidi. Imani hii ni ya uongo, na imetugharimu damu. Ushahidi wangu ni Laurent-Désiré Kabila, mwasi aliyekuja kuwa rais wa Kongo.

Alipochukua Kinshasa Mei 1997, sifa iliyomtangulia ilikuwa hiyo hiyo: huyu amempinga dikteta Mobutu tangu ujana wake. Ni kweli alimpinga. Lakini alimpinga vipi?

Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Kongo, akijiita Tatu. Alikuja kupigana chini ya Kabila, na Kabila hakuwepo. Ukaletwa ujumbe kwamba yu njiani. Wiki zikapita, ukaletwa mwingine. Huku nyuma vijana walikuwa wakipandisha mizigo mlimani, hawajui vita vyao vinaongozwa na nani. Julai akatokea. Akazunguka kwa wapiganaji, akahutubia, watu wakachangamka, maana kipaji cha kusema na watu alikuwa nacho na Che mwenyewe alikikiri. Siku chache tu, akarudi ng'ambo. Novemba Che aliondoka ameshindwa, na katika kumbukumbu zake aliwalaumu vikali viongozi walioishi mijini ilhali askari wao wako mstari wa mbele bila mwelekeo.

Tangu 1967 chama cha Kabila, PRP, kilijichimbia katika milima ya Fizi, ngome yao wakaiita Hewa Bora. Biashara ya dhahabu ikawa tegemeo lao. Mei 1975 wapiganaji wake walivuka ziwa usiku, wakateka watafiti wanne wa sokwe huko Gombe, wakadai fidia. Mkuu mwenyewe miaka mingi alikuwa Dar es Salaam, kwa majina ya bandia. Aliyebaki mlimani kubeba gharama ya maasi ni mwanakijiji wa Fizi, aliyewalisha waasi na kisha kukabiliana na jeshi la Mobutu.

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumwita Kabila amweleze fedha zimekwenda wapi. Hakupigiwa kura, hakukaguliwa, na siri ilikuwa kinga yake. Basi kwa nini tulishangaa pale Mei 1997, kwa amri moja, alipojikabidhi madaraka karibu yote ya dola? Kwa nini tulishangaa Februari 1998 alipomhamishia mpinzani Étienne Tshisekedi kijijini kwao kwa nguvu? Anselme Masasu, mmoja wa wanne waliotia saini kuanzisha mwaka 1996 muungano wa AFDL uliomwingiza Kabila madarakani, aliuawa chini ya utawala wake. Januari 16, 2001 Kabila naye akapigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe.

Najua nitatajiwa Mandela. Naye alijificha, na Januari 1962 alipita Dar es Salaam akaonana na Nyerere. Lakini alitumwa na ANC, alisafiri kwa kazi ya ANC, akarudi nyumbani kuripoti kwa wenzake, na hata baada ya kukamatwa Agosti mwaka huo aliendelea kuwa mtu wa chama. Mafichoni walikaa wote wawili. Mmoja alikuwa na wa kumjibu, mwingine hakuwa naye.

Mashariki ya Kongo bado inazalisha makamanda, na kila mmoja hujitangaza kwa hesabu ya miaka aliyokaa porini. Waandishi wenzangu huipokea hesabu hiyo wakainakili kama ilivyo. Acheni. Muulizeni daftari la dhahabu lilikuwa mikononi mwa nani, na amtaje mtu mmoja tu aliyempinga huko mlimani na bado yu hai.