Mchezo wa Kuhesabu Si Kamari

Wazazi wengi wa Kiislamu wa Mbulu na Hanang, kama wenzao kwingineko nchini, wanaihofia michezo ya video. Hofu hiyo ina msingi. Mashine za bonanza zimeenea, na sarafu ya chenji humponza mtoto aliyetumwa dukani. Hiyo ni kamari: imeharamishwa katika Suratul Maida, na sheria ya nchi inamkataza aliye chini ya miaka 18.

Hata hivyo, si uadilifu kuihukumu michezo yote kwa kosa la bonanza. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, zaidi ya watoto 2,500 walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuingia darasani. Intaneti haikuhitajika, na umeme ulikuwa wa jua. Walipopimwa baada ya miezi 15, ilidhihirika kuwa wamepiga hatua, hisabati ikiwemo. Programu za onebillion na Kitkit School ziligawana tuzo ya dola milioni 10 ya XPRIZE, na zikaachwa wazi zitumike bila malipo.

Faida yake ni nini? Mtoto akikosea hachapwi wala hachekwi. Hurudia mpaka apatie. Kwa mtoto wa Kiiraqw au wa Kibarbaig, ambaye pengine hukutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza shuleni, subira hiyo si jambo dogo.

Lakini chombo hakishiki nafasi ya mzazi. Mwenye ng'ombe 30 waliojilisha malishoni mwaka mzima hutoa zaka ya ndama mmoja wa mwaka mmoja. Wakifika 40, mtamba mmoja wa miaka miwili. Basi muulize mwanao: wakiwa 70 je? Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, alipoandika kitabu chake cha aljebra, sehemu kubwa aliitenga kwa hesabu za mirathi. Hisabati haikuwa ngeni msikitini.

Rai yetu ni hii: mzazi mwenye simu auchague mchezo yeye mwenyewe, aujaribu kwanza, aupangie muda, na adhana ikisikika uzimwe. Wasio na uwezo washirikiane na kamati za shule na madrasa kupata japo vishikwambi vichache. Mtoto asiyejua hesabu hudhulumiwa mnadani akiwa mtu mzima, na huenda naye akawadhulumu mayatima bila kujua.

Wabillahi tawfiq.